Mkwe Wangu kwa Dirisha ya Maji

Mimi nikipewa kitu bure, kwanza nainusa. Marehemu mume wangu alikuwa anasema hata chai ya harusi mimi naikunywa kama mtu anatafuta nzi ndani ya kikombe. Ni ukweli, na sioni aibu. Shule nilifika darasa ya tatu, kwa hivyo naandika vile naongea, na kuongea mimi naweza kutoka asubuhi mpaka ng'ombe zirudi.

Sasa niwaambie ya maji yetu, vile serikali ilichoka nayo ikapea watu wengine.

Sisi tunakaa upande wa juu, mahali barabara ya Kathonzweni inaacha lami na kuwa mawe. Huko chini sokoni kaunti ilitoboa kisima na mashine, ikaweka sola juu ya paa na kioski ya kuuzia maji, na bomba na dirisha ya mtu kukaa. Hiyo siku tulicheza. Lakini kisima ya serikali unajua vile inakaa. Leo inatoa, kesho fundi ako mjini Wote, kesho kutwa fundi amekuja lakini mwenye ufunguo ameenda matanga. Ikiharibika tunarudi kwa mto. Mto yetu ni mchanga tupu. Unachimba shimo, unaingia ndani, unakaa hapo na kikombe ukichota kidogo kidogo kama mtu anakamua paka, mpaka jerikeni ijae. Halafu unapandisha mlima na punda, na magoti zangu zinalia kuliko punda.

Basi siku moja tukaitwa baraza hapo sokoni. Mtu wa kaunti akasimama. Huyo ni kijana ya hapa hapa, nilimjua akivaa kaptura yenye imetoboka nyuma, sasa ana kitambi na kalamu mbili kwa mfuko. Akasema kaunti haitaendesha kisima tena. Wamepatia shirika fulani, watu ya kujitolea na kampuni yao ya mafundi, ndio wataendesha vizuri.

Nikainua mkono. Jirani yangu, mama mwenye tumesuka naye vyondo, hizi vikapu zetu, kwa kikundi kimoja tangu tukiwa maharusi, akanivuta leso nikae. Sikukaa.

"Kijana yangu," nikamwambia, "wewe ukiwa na mbuzi inakamuliwa, unaweza kuipeleka kwa mgeni akukamulie?"

"Susu, kama mgeni ana mikono mizuri, kwa nini nisimpelekee?" Susu kwa Kikamba ni nyanya.

"Na maziwa italala kwa nani?"

Watu wakacheka. Yeye akajipangusa uso. "Maziwa ni yenu, susu."

"Sawa. Na wewe sasa utakuwa unafanya nini, kama mbuzi imeenda?"

Hapo akaangalia saa. Akasema tukaribishe mgeni.

Mgeni alikuwa mama kijana wa Mombasa, amejifunga mtandio kichwani, amevaa buti kama za polisi. Kiswahili chake kilikuwa kitamu mpaka nikasahau kidogo kukasirika. Kila kitu "tafadhali", kila kitu "samahanini". Akasema shirika lake litaweka mhudumu wa kudumu kwa dirisha, maji itatoka kila siku. Halafu akasema kitu yenye ilifanya wamama wote wakae wima. Akasema kuna bomba ya pili inakuja. Kioski nyingine. Itawekwa upande mmoja, ama kwetu huku juu, ama kwa watu wa ng'ambo ya mto. Watakaa wakiangalia mpaka mvua ya mwisho wa mwaka, waone ni upande gani unakuja kuchota sana, na hao ndio watapata.

Tukaangaliana, mimi na jirani. Bomba huku juu. Mimi nilianza kuona vile nitatoka tu hapo nje na sufuria.

"Unalia?" jirani akaniuliza.

"Ni vumbi."

"Vumbi gani na hakuna upepo."

Tukapanga njiani tukirudi. Tukasema sisi wa juu tutaenda kuchota mpaka hiyo dirisha ituogope. Hata mwenye ana maji nyumbani ataenda. Mwenye hana punda atabeba mgongoni.

Jumatatu nikaamka mapema, nikafunga punda jerikeni zake, nikashuka nikiimba za kanisa. Nikafika pale kwa kona ya kinyozi, mahali unaanza kuona kioski. Nikaona kichwa kwa dirisha. Nikashika punda masikio, nikamgeuza, tukarudi nyumbani na jerikeni tupu zikigongana.

Huyo mwenye alikuwa kwa dirisha ni mume wa msichana wangu wa pili.

Sasa kama wewe si Mkamba utauliza, si hiyo ndio bahati, mkwe wako ako kwa maji. Ngoja. Kwetu mama mkwe na mume wa mtoto wake hawaangaliani usoni. Tunaita nthoni. Si chuki, ni heshima. Tukikutana kwa njia, mmoja anaingia kwa kichaka mpaka mwingine apite. Jina lake mimi silitaji. Akija kusalimia nyumbani, mimi niko jikoni na yeye ako nje chini ya kivuli ya ghala, na mtoto anapeleka salamu na chai katikati. Tumeishi hivyo miaka yote na tunapendana sana. Pastor wetu anasema hizo ni vitu za zamani, kanisani tukae bench moja wote. Lakini hata yeye nimemwona sokoni akimwona mama mkwe wake kwa mbali, anakumbuka kuna kitu amesahau kwa gari.

Na si mimi peke yangu. Msichana wangu ni mtoto wa wamama wote wenye tuliolewa kwa ukoo ya mume wangu. Kwa hivyo huyo kijana ni mkwe wetu sisi wote wa huku juu, karibu kila mama mwenye nywele imeanza kuwa nyeupe. Na wenye kuchota maji huku ni akina nani? Ni sisi. Watoto wako shule, wanaume wako Nairobi ama wanasema wako Nairobi, wasichana wadogo wameenda kuuza matunda huko Malili na Salama kwa barabara ya Mombasa. Huyo mkwe mwenyewe alikuwa huko Salama akiuza ndizi kwa madirisha ya mabasi, mpaka akasikia shirika linaandika mtu. Akaenda intaviu, akawashinda wote. Ni kijana safi, hanywi, anajua hesabu. Ningekuwa mimi nachagua, ningechagua huyo huyo, lakini ningemweka mahali ingine.

Mchana jirani akaja kwangu. Hata hakubisha.

"Umemwona nani pale?" akauliza.

"Nimeona."

"Mimi nilificha uso na jerikeni, nikagonga mti."

Tukacheka mpaka machozi. Halafu jirani akajipangusa macho, akasema polepole, "Mwanaa mwaitu, na kama wamemweka hapo makusudi?"

Hiyo ndiyo ilininyima usingizi. Mwanaa mwaitu maana yake ni mtoto wa mama yangu, na yeye si ndugu, lakini akiniita hivyo najua anasema kitu ya ukweli. Nikaanza kufikiria. Watu wa ng'ambo huyo kijana si mkwe wao hata mmoja. Wao watachota na kucheka. Sisi tutaonekana hatutaki maji. Na yule wa kaunti wa kalamu mbili, bibi yake amezaliwa wapi? Ng'ambo. Nikaona sasa. Wametoa mbuzi kwa mgeni, na mgeni ameonyeshwa mtu wa kuweka ili sisi tusikanyage hapo.

Nikapigia dada yangu simu. Yeye aliolewa Kitui, na huko wameona mengi kutuzidi. Akaniambia hospitali yao siku hizi mwenye anapika ni kampuni, mwenye anafagia ni kampuni ingine, askari wa geti ni ya tatu. "Ukiuliza daktari kwa nini uji ni baridi, anasema si mimi, ni kampuni," akasema. "Ukiuliza kampuni, wanasema waliajiriwa kupika, si kubeba. Na mwenye kubeba ni nani? Mpaka leo hatujamjua." Nikacheka lakini nikakata simu nikiwa na shaka zaidi.

Hata mkwe wangu nilimshuku, Mungu anisamehe. Nikasema, huyu alijua sisi ndio tutakuja, kwa nini alikubali hiyo dirisha? Amenunuliwa? Lakini watu wakaniambia mambo. Wakasema mama wa juu akitokea kwa kona ya kinyozi, yeye anafungua bomba halafu anageuka kuangalia ukuta, anakaa hivyo mpaka asikie punda imeenda. Mama wawili watatu walijaribu. Lakini ni kazi ngumu kujaza jerikeni ukiwa umefunika uso, na wakarudi mto. Kwa hivyo huko chini maji ilikuwa inatoka kila siku, safi, vile shirika liliahidi, na sisi tuko ndani ya shimo ya mchanga na kikombe.

Miezi ikaenda. Yule mama wa Mombasa akaanza kupita huku juu nyumba kwa nyumba na buti zake. Akafika kwangu, akaniita shosho. Nikamwambia shosho ni ya Wakikuyu, huku mimi ni susu. Akasema samahani susu. Nikampa kiti na muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, akala vizuri. Mtu akikula muthokoi yangu vizuri ni ngumu kumchukia, lakini nilijikaza.

"Susu, kwa nini nyinyi wa huku hamji kuchota? Maji ina ladha mbaya?"

"Maji ni tamu."

"Ni bei?"

"Bei ni sawa."

"Basi mna maji mengine karibu?"

Nikaangalia mto. Yeye akaangalia mto. Nikasema, "Tunajisaidia."

Ningemwambia nini? Kwamba namkimbia mume wa mtoto wangu? Hiyo si maneno ya kuambia mgeni, na ana mtandio hivyo, na ametoka mbali hivyo. Tena nilikuwa namshuku. Nilifikiri anajua na ananiuliza kunicheka. Akaandika kwa simu yake, akashukuru, akaenda kwa jirani, na jirani akamwambia vile vile kama mimi.

Halafu shirika likaita mkutano wa mwisho kabla ya kusema bomba inaenda wapi. Tukajaa hapo sokoni. Nikatafuta yule kijana wa kaunti kwa macho, hakuwa. Nikaulizia. Nikaambiwa siku hizi maji si kazi yake. Sasa hapo ndio nilipaswa kuona shida inakuja, kwa sababu yeye ni Mkamba, yeye angetafsiri, si maneno, desturi zetu. Lakini alikuwa amepeana kazi.

Mkwe wangu alikuwa ndani ya kioski na dirisha imefungwa, kwa heshima yetu.

Mama wa Mombasa akasema inaonekana watu wa juu hawana haja sana na maji, na kwa hivyo inaonekana bomba itaenda ng'ambo, ila kama kuna mtu ana neno. Watu wa ng'ambo wakaanza kutabasamu chini kwa chini. Jirani akanifinya paja.

Nikasimama. Nikasema, "Shida si maji. Shida ni huyo mwanaume mmeweka kwa dirisha. Mimi siwezi kusimama mbele yake. Hata kupita karibu naye siwezi. Mkitaka tukuje, mpelekeni kazi ingine."

Wakamba wote wakaitikia na kichwa. Wengine walicheka kidogo, wakaona sasa imesemwa. Kila mtu hapo alikuwa anajua huyo ni nani kwangu, kwa hivyo sikuona haja ya kusema. Nani anasimama mbele ya soko anasema, huyu ni mume wa mtoto wangu? Hiyo yenyewe ni kukosa adabu.

Lakini yule mama aliacha kuandika. Uso wake ukabadilika. Akakuja karibu na mimi, akaongea chini.

"Susu, ni wewe peke yako, au kuna mama wengine?"

"Sisi wote wa juu," nikasema. Na wamama wakasema, ndio, sisi wote.

"Na wanaume?"

"Na wanaume hana shida."

"Na wasichana wadogo?"

"Wasichana hapana. Ni sisi wazee tu."

Akafunga macho. Akanishika mkono akasema ahsante kwa ujasiri wako. Nikarudi kukaa nikiwa nimevimba kichwa. Nikaambia jirani, unaona, ukiongea unasikika.

Kesho yake akaja kwangu tena, peke yake, na gari akaiacha mbali. Akaniletea sukari na blanketi. Nikainusa hiyo blanketi, nawaambia ukweli. Akakaa karibu sana, akaongea kama mtu ako kwa mgonjwa.

"Susu, nataka ujue si makosa yako."

"Najua si makosa yangu."

"Hakuna mtu atakulazimisha kumwona tena."

"Hiyo ndio nilikuwa nataka."

"Ukitaka kuniambia kila kitu, niambie pole pole. Usipotaka, tutaelewa."

Nikaona huyu sasa ameshika mambo ya Wakamba vizuri, hata anajua hatutaji jina. Nikamwambia, "Wewe umefunzwa vizuri na mama yako." Akalia. Mimi nikashangaa. Alipoenda nikawaza, blanketi ya nini? Shirika linatoa blanketi kwa sababu ya nthoni? Hapo kuna kitu. Nikaiweka juu ya kabati, sikuitumia.

Jioni kabla jua kuingia, msichana wangu akafika. Ametembea mbio, vumbi mpaka kwa magoti. Hakusalimia.

"Mwaitu, ulisema nini huko sokoni?"

"Nilisema wampatie kazi ingine."

"Wamemsimamisha. Wamemwambia asikaribie kioski, asikaribie huku juu. Wanasema anasumbua wamama."

"Anasumbua vipi na hatuangaliani?"

Msichana wangu akainamisha kichwa, akaniambia kwa sauti ya chini vile wanafikiria. Wanafikiria anashika wamama wazee. Wamama wote wa juu.

Nikakaa chini hapo hapo kwa mlango. Sijawahi kusikia baridi hivyo na moto inawaka. Huyo kijana mwenye hajawahi kuona hata meno yangu.

"Yeye amesema nini?" nikauliza.

"Hajasema kitu. Wanamwuliza, kwa nini wamama wakija unageuka ukuta, unaficha nini? Anaangalia chini. Atawaambia nini mwaitu? Akutaje wewe kwa ofisi?"

Kumbe na yeye alikuwa amefungwa mdomo na kitu ile ile imenifunga mimi. Na sasa nikaona ubaya wote. Nikinyamaza, mtoto wangu na watoto wake hawana mkate, na mume wake ana jina mbaya mpaka Salama. Nikiongea, lazima niongee yeye akiwa hapo, kwa sababu ofisi ilisema ataitwa Ijumaa kule Wote kuulizwa mara ya mwisho. Na hata bomba, sasa nani atatuletea bomba, wamama wenye wanasingizia watu?

Ijumaa nikavaa nguo ya kanisa, nikaenda Wote na jirani. Kwa geti ya ofisi kuna askari wa kampuni, akatuuliza tunaenda kwa nani. Jirani akamwambia, "Kwani wewe ni wa nani?" Akatupisha.

Yule mama wa Mombasa akatoka haraka kunizuia kwa mlango. "Susu, si lazima muwe chumba kimoja. Yeye ako ndani."

"Ni lazima."

"Hamlazimiki kabisa."

"Mwanangu, toka kwa mlango."

Nikajifunika leso kichwani mpaka kwa macho, nikaingia nikifuata ukuta. Nikasikia kiti inaburutwa kwa nguvu. Alikuwa amegeuka kuelekea dirisha. Mimi nikasimama nikiangalia kalenda ya ukutani, yenye picha ya tangi. Sisi wawili tumepeana mgongo, na huyo mama ako katikati hajui aangalie nani.

Nikaambia kalenda, "Huyu ni mume wa mtoto wangu. Ni mtu mzuri. Hajawahi kunishika hata mkono wa salamu, na kama angenishika hapo ndio ningemshtaki. Mimi ni mama yake mkwe, na wamama wote wa juu ni mama wakwe zake. Kwetu hatuangaliani. Akigeukia ukuta ananiheshimu. Hajawahi kunikosea heshima, sasa ndio mara ya kwanza tuko nyumba moja, na nyinyi ndio mmetuweka."

Nje kulikuwa na mtu anafagia.

"Kwa hivyo akikupa mgongo," yule mama akasema, "ni..."

"Ni adabu."

"Na nyinyi mkikataa kuja..."

"Ni adabu."

"Na nilipokuuliza kama ni wamama wote..."

Jirani alikuwa amesimama kwa mlango. Hakuweza tena. Akaanza kucheka, ile kucheka ya mtu anajaribu kukohoa. Na kutoka upande wa dirisha, niliona mabega ya mkwe wangu kwa pembe ya jicho, na Mungu anisamehe kwa kuangalia, yalikuwa yanatetemeka. Yule mama akajifunika mdomo na mtandio. Sijui kama alikuwa anacheka ama analia, nafikiri vyote.

"Mbona hamkuniambia?" akasema. "Nilikula kwako."

"Mimi nilifikiri unajua."

"Ningejua kutoka kwa nani?"

Hapo nilimkubalia. Kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimeshuku kila mtu amepanga, na kumbe hakuna mtu alipanga kitu. Kaunti ilipeana ikaenda, shirika lilishika bila kuuliza, na sisi tulikaa kimya tukiwachungulia. Lakini hata hivyo sikuamini yote. Yule wa kalamu mbili alijua, na alikuwa kwa intaviu, hiyo nilisikia baadaye. Yeye anasema hakufikiria. Labda.

Mkwe wangu akarudishiwa kazi na wakamwomba msamaha, na mimi nikatoka kabla hajaamka kwa kiti. Lakini ya bomba, yule mama akanikunjia uso. Akasema ripoti imeshaenda. Imesema watu wa juu hawachoti.

"Hiyo ripoti ilihesabu nthoni," nikamwambia nje pale. "Irudi ihesabu kiu. Weka mtu mwingine kwa dirisha mpaka mwisho wa mwezi, uone."

"Sina mtu mwingine."

"Wewe una mikono."

Jirani akashtuka akanigusa, lakini yule mama alikuwa mtu kweli. Akakaa kwa dirisha yeye mwenyewe, na mkwe wangu akapelekwa kufunga mabomba kwa kampuni. Wacha niwaambie vile tulishuka. Wamama, punda, mikokoteni, mama mmoja mwenye hajatoka kwa boma tangu avunjike nyonga alisukumwa kwa wilbaro akishika jerikeni yake. Tulichota mpaka wa ng'ambo wakalalamika foleni. Mama wa Mombasa alitoka hapo jioni mikono imekunjika na maji, na hakuuliza tena kama tuna haja.

Bomba ikaja juu. Siku ya kufungua, kijana wa kaunti akatokea na makasi ya kukata utepe. Nikamwuliza, ikiharibika tukupigie wewe? Akasema hapana susu, mpigie shirika. Nikauliza shirika. Shirika likasema, hii ya juu tumeonelea iendeshwe na kikundi chenu cha kusuka, nyinyi mnajua nani ni mkwe ya nani. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, na nikiwa napiga nikaanza kuona kitu. Kaunti imepea shirika, shirika limepea kikundi, na mwenyekiti wa kikundi ni mimi.

Ilitoa vizuri mpaka wakati wa kiangazi. Halafu asubuhi moja nikafungua, ikakohoa, ikanyamaza. Nikapigia fundi wa kampuni, akasema ako Kitui. Nikafunga dirisha nikakaa nje. Wamama wakaanza kufika na jerikeni, na wa kwanza alikuwa jirani.

"Mmefunga ama imeharibika?" akauliza.

"Imeharibika."

"Wewe unasema hivyo."

"Mwanaa mwaitu, ni mimi."

"Naona ni wewe. Fungua."

Nikafungua. Akaingia ndani, akazungusha bomba yeye mwenyewe, akaweka sikio kwa paipu. Hakukuwa na kitu. Bado hakutoka. Akainama akaangalia chini ya meza, akasukuma mlango wa nyuma, akagonga tangi na ngumi juu na chini akisikiza kama ni tupu kweli. Wale wengine walikuwa wamesimama nje wakimngoja awaambie.

Sikukasirika. Mimi ningekuwa yeye, ningepanda juu ya tangi.